Barua ya Kundi Isiyosomwa na Tarishi

Zamani mtu aliyekuwa na neno la siri aliandika barua, akaitia katika bahasha, akaifunga kwa lakiri. Tarishi aliichukua, wala hakuweza kuisoma bila ya kuivunja lakiri, na ikivunjwa mpokeaji huona. Baruapepe ya siku hizi, kwa kawaida, haina lakiri ya namna hiyo. Barua itokayo katika kompyuta yako huenda kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni au ofisi ambayo kazi yake ni kupokea barua na kuzigawa. Njiani barua huwa imefichwa, lakini ikifika kwenye seva hufichuliwa. Mwenye mamlaka juu ya seva hiyo, au mwizi aliyeingia humo, aweza kuisoma bila ya wewe kujua.

Tuseme walimu 12 wanashauriana juu ya mwanafunzi aliye mgonjwa, nao wana anwani moja ya kundi. Mmoja akiandika kwa anwani hiyo, seva humpelekea kila mwenzake nakala. Ugonjwa wa mtoto wa watu si habari ya kila mtu. Je, yawezekana seva igawe barua ile bila ya kuisoma? Naam, yawezekana.

Katika mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza wazo jipya. Kabla ya hapo, watu waliotaka kuandikiana kwa siri ilibidi kwanza wapeane ufunguo kwa siri. Wao walisema kila mtu na awe na vitu viwili: kufuli lililo wazi, ambalo humpa yeyote alitakaye, na ufunguo wake, ambao hampi mtu. Atakaye kukuandikia huifunga barua kwa kufuli lako, na akiisha kulibana, hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua tena. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wa chuo cha MIT, walipata hesabu ya kulitimiza wazo hilo. Kuzidisha namba mbili kubwa ni kazi nyepesi. Lakini kupewa jawabu tu, ukaambiwa uzitafute namba zile mbili, ni kazi inayozishinda kompyuta za leo, maadamu namba zenyewe ni kubwa vya kutosha.

Mwaka 1991 Mmarekani mwingine, Phil Zimmermann, alitoa programu iitwayo PGP, ili mtu wa kawaida aweze kufunga baruapepe yake. Sheria ya nchi yake wakati ule ilizihesabu programu kama hizo pamoja na silaha, hata serikali ikamchunguza kwa kuwa programu ilivuka mipaka. Uchunguzi ulikwisha mwaka 1996, wala hakushtakiwa.

Sasa turudi kwa walimu wetu. Mwandishi hana haja ya kuifunga barua nzima mara 12. Kompyuta yake hubuni ufunguo mpya wa barua hiyo moja tu, nayo huifunga barua mara moja kwa ufunguo huo. Kisha ufunguo huo mdogo ndio unaofungwa mara 12, kila mara kwa kufuli la mwalimu mmoja. Mwandishi asisahau kutia na kufuli lake mwenyewe, ama sivyo hataweza kuisoma nakala yake! Seva hupokea furushi zima na kuligawa, lakini haina ufunguo hata mmoja.

Msomaji aangalie hapa, kwani ziko programu za makundi, kama vile Schleuder, ambazo seva huifungua barua kwa ufunguo wake, kisha huifunga upya kwa makufuli ya wanachama. Hiyo ni afadhali kuliko kuacha wazi, na yafaa ikiwa seva ni yenu wenyewe. Lakini tarishi aweza kusoma. Mwaka 1998 wataalamu Blaze, Bleumer na Strauss walionyesha njia nyingine: seva hupewa namba maalumu, na kwa namba hiyo hubadilisha kufuli la mtu mmoja kuwa kufuli la mwingine bila ya kuiona barua iliyomo ndani.

Yako mambo matatu ambayo kufuli peke yake haliwezi kuyatengeneza. La kwanza, seva hujua nani kamwandikia nani, na saa ngapi. Na mara nyingi kichwa cha barua nacho hubaki wazi. Kwa hiyo usiandike siri katika kichwa cha barua.

La pili, mtu akitoka katika kundi, barua alizokwisha kupokea anazo. Linalowezekana ni kuacha kutumia kufuli lake kwa barua zijazo. Kwa makundi makubwa ya ujumbe wa simu na kompyuta, kanuni iitwayo MLS ilitangazwa Julai 2023, ambayo ufunguo wa kundi hubadilishwa kila mtu aingiapo au atokapo.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote: makufuli umeyapata kwa nani? Ikiwa seva ndiyo inayokupa makufuli ya wenzako, yaweza kuchanganya na lake la kumi na tatu, nawe ukalibana bila ya kujua. Kwa sababu hiyo kila kufuli lina alama yake. Katika PGP iliyozoeleka alama hiyo ni herufi na tarakimu 40. Walimu wale na wakutane chumbani mwao, kila mmoja amsomee mwenziwe alama ya kufuli lake, wazihakikishe moja moja. Kazi hiyo huchukua muda mchache, na hakuna mashine iwezayo kuifanya badala yao.

Basi, wanafunzi wenzangu, hesabu tunazosumbuka nazo darasani ndizo zinazolinda siri za wagonjwa na wanyonge. Lakini hesabu hulinda mlango tu. Kumjua aliye ndani ni kazi yetu wenyewe.