Simbilisi wa Darasani: Kuwapata na Kuwazalisha kwa Uadilifu

Mnyama hai darasani hufundisha mambo ambayo picha ya ukutani haiwezi kuyafundisha. Wanafunzi humwona akila, akikua, akizaa na kunyonyesha. Lakini wanafunzi hao humtazama mwalimu pia: jinsi alivyompata mnyama na atakavyowafanyia watoto wake watakapozidi nafasi. Kwa hiyo, kabla ya kuleta simbilisi darasani, hatuna budi kujibu maswali mawili. Watatoka wapi? Na watoto wao watakwenda wapi?

Kuwapata

Simbilisi ni mnyama wa kufugwa, aliyeanza kufugwa maelfu ya miaka iliyopita na wenyeji wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Yafaa basi apatikane kwa mfugaji. Mwalimu aende mwenyewe alione banda. Simbilisi mzima ana macho maangavu, pua isiyotoka kamasi na manyoya yasiyonyonyoka. Aulize pia kama majike na madume wametengwa, kwa sababu jike aweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki 4 hadi 6 tu. Asiyeuliza hununua wawili, kisha akajikuta na watano.

Kamwe wanafunzi wasitumwe kutega panya wa porini ili wawe badala ya simbilisi. Panya hao huweza kuwa na viroboto waenezao tauni, ugonjwa uliozuka wilayani Lushoto mwaka 1980 na kurudi mara nyingi katika miaka iliyofuata.

Kuwazalisha

Mimba ya simbilisi huchukua siku 68 hivi, na kwa kawaida huzaliwa watoto 2 hadi 4, wenye manyoya na macho yaliyofumbuka. Mambo manne yazingatiwe:

(a) Jike asipandwe kwa mara ya kwanza baada ya kutimiza miezi 6. Mifupa ya nyonga yake huwa imeanza kushikana, na uzazi huweza kumwua.

(b) Dume atengwe kabla jike hajazaa, maana jike aweza kushika mimba tena saa chache baada ya kuzaa.

(c) Watoto wa kiume watengwe na mama yao wafikapo wiki 3. Ndugu wasipandishwe wao kwa wao.

(d) Majani mabichi yatolewe kila siku, Jumamosi na Jumapili pia, kwani mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C.

Watoto watakwenda wapi?

Wanafunzi wapige hesabu ubaoni. Jike asiyetengwa na dume aweza kuzaa mara 5 kwa mwaka. Akizaa watoto 3 kila mara, hao ni 15, bila kuhesabu wajukuu. Majina ya watakaowapokea yaandikwe kabla ya dume kuletwa. Katika sehemu kama Kivu na Iringa simbilisi hufugwa kwa ajili ya nyama. Iwapo ndivyo itakavyokuwa, wanafunzi waambiwe kweli tangu mwanzo. Kuwatupa vichakani ni kuwaua.

Ikiwa hakuna wa kuwapokea, tufuge majike wawili tu, tena wasio na mimba. Somo la uzazi litapungua, lakini somo la wajibu litakuwa limefundishwa barabara.