JE, WAJUA? Tangazo huingia kwa jicho, hutokea mfukoni

▪ Bei ya kwanza kuiona hukutawala. Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mtego huo mwaka 1974. Ndiyo maana tangazo la simu kwenye WhatsApp huweka kwacha nyingi zilizopigwa mstari, kisha "bei ya leo".

▪ Tunachokiona mara kwa mara huanza kutupendeza. Robert Zajonc alilionyesha hilo mwaka 1968, miaka 41 kabla ya Facebook kuleta kitufe cha laiki.

▪ Akili huhukumu kwa picha inayoijia upesi. Kwa wengi, Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza wilayani Dowa, Malawi, ilimaanisha shida tu. Mwaka 2014 mshairi Mkongo Menes La Plume alianzisha humo tamasha la Tumaini. Wageni kutoka Lilongwe wakipiga picha za ngoma na muziki na kuzisambaza mitandaoni, jina hilohilo huanza kuleta picha nyingine akilini.

Kabla hujalipa, uliza bei kwa wauzaji wengine wawili. Laiki elfu moja si dhamana ya bidhaa.