Kutuma franga ya lopitali, siku theluji ilipofika kwenye magoti

Mu nyumba mingi za wachimbaji kuko simu moja yenye kuwekwa karibu na dirisha, pale rezo inapita vizuri. Watu wanangojea ilie. Mtoto mwenye kukaa Ulaya ao Kanada alisema atatuma franga. Siku ya tatu imepita, simu haijalia, na wazee wanaanza kusema: huyu ametusahau, amekuwa muzungu. Sisi vilevile tulisema maneno hayo, na mara mingi, juu ya mdogo wetu wa Montréal. Kutuma franga, tulifikiri, ni kazi ya dakika tano. Unaingia mu ajansi, unatoa makuta, wanakupa kode, unarudi kula. Leo tutawaelezea namna tulivyofanya kazi hiyo sisi wenyewe, mara moja tu, kule kwake.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2012, na tulikuwa wageni katika nyumba yake. Tarehe 27 Desemba theluji ilianguka mchana kutwa. Mvua yetu ya Desemba inapiga mabati, mtu anaisikia hata akiwa mu usingizi. Theluji haina sauti. Unaangalia dirishani, motokari ya jirani iko. Unakunywa chai, unaangalia tena, motokari haiko, kuko paka kilima kimoja cheupe kama bunga ya muhindi. Siku ile moja ilileta sentimetre 45. Mbele yake, siku yenye kujulikana kwa theluji mingi ilikuwa ya mwezi wa tatu 1971, na hiyo ilikuwa na sentimetre 43. Watoto walifurahi. Sisi pia tulifurahi, tukapiga foto.

Saa 23 ya usiku ule, dada yetu akapiga simu toka Lubumbashi. Kule ilikuwa saa 6 ya asubuhi, tayari siku ya tano. Papa alikuwa amelazwa, tumbo lilimuuma tangu siku mbili. Munganga alikubali kumupasua siku ya posho asubuhi, lakini lopitali iliomba dola 400 mbele ya yote, na mu nyumba hakukuwa hata nusu yake.

— Ajansi ya hapa inafunga saa 17, dada akasema. Kesho haifungui. Kisha ni yenga, kisha watu wanaingia mu Bonane. Mufanye leo, yaya. Leo ya kwetu, si leo ya kwenu.

Hesabu ni nyepesi lakini ni kali. Montréal iko nyuma ya Lubumbashi saa 7. Saa 17 ya kwetu ni saa 10 ya asubuhi ya kwao, na ajansi za kule zinafungua saa 9. Kwa hiyo tulikuwa na saa moja.

Papa wetu alifanya miaka 31 chini ya udongo kule Kipushi. Tunasema hivi ili muelewe mtu gani alikuwa amelala pale.

Mdogo wetu alikuwa kazini tangu jioni. Anasafisha depo moja usiku, na asubuhi ile mtu wa kumupokea hakufika, bisi zilikuwa zinatembea kwa taabu. Akatupigia saa 7 na nusu:

— Yaya, siwezi kufika mbele ya saa 11. Franga iko mu kabati, chini ya mashuka. Kamata mutoto, ye anajua njia. Na paspoti, usisahau paspoti. Na hapana kutoka na ile viatu yako ya Lubumbashi, utavunjika!

Basi tukavaa bote zake, zenye kuzidi miguu yetu, tukatia soksi tatu. Mtoto, miaka 12, alituangalia bila kucheka. Tulimushukuru mu roho. Kiswahili anakisikia, kukisema ni kidogo.

Mu Montréal nyumba za zamani ziko na ngazi ya chuma inje, ikishuka toka etaji mpaka barabarani. Tulipofungua mlango, ngazi haikuonekana. Kulikuwa kama mteremko mmoja mweupe. Mtoto akakamata beleshi, akafungua ngazi mbili tatu, akaona saa inakimbia, akaikaa matako, akashuka. Akatuita kwa mkono. Tukafanya vilevile, mtu muzima, na paspoti mu mfuko wa ndani na dola 400 za papa mu soksi.

Mdogo wetu anakaa Saint-Michel, upande wa kaskazini wa ile barabara kubwa ya juu wanayoita Métropolitaine. Kufika Jean-Talon, kwenye ajansi, siku zingine tulikuwa tunatembea dakika 20. Siku hiyo trotwari haikuwako. Theluji ilifika kwenye magoti, na pale upepo uliisukuma ilifika kwenye kiuno. Watu walitembea katikati ya barabara, mu njia ya magurudumu, na motokari moja ikija nyuma wote walipanda pembeni kama mbuzi. Lakini taabu ya kweli si kutembea, ni kuvuka. Mashini yenye kusukuma theluji ikipita mu barabara kubwa, inaacha ukuta kila pembe, na ukuta ule haiko laini tena, umekuwa mugumu kama udongo wa kilima cha mchwa. Unapiga teke kutoboa mafasi ya mguu, unapanda, unazama, unatoa mguu, bote inabaki ndani.

Mtoto akatufundisha: ukanyage pale nimekanyaga. Papa alizoea kutuambia kwamba chini, mu galeri, mugeni anatia mguu pale muzee ametia. Huku muzee ndiye alifuata mtoto. Na baridi? Watu wanatuuliza sana juu ya baridi. Masikio yaliuma, ndiyo, lakini ndani ya koti tulitoka jasho kama mtu wa kupakia wagoni.

Saa 9 na dakika 5 tukafika. Mlango umefungwa, ndani giza, na karatasi imebandikwa: kwa sababu ya theluji tutafungua saa sita ya mchana. Tulisimama pale. Tunawaambia ukweli, machozi yalikuja, na kule machozi yanauma kwenye uso. Mtoto akavuta koti letu. Kuko butiki moja mbele, akasema, papa anaenda kule wakati mwingine. Mbali? Akainua mabega.

Ilikuwa mbali. Tulianguka mara mbili. Mara ya pili mwanamume mmoja mwenye kufukua motokari yake aliacha kazi, akatusimamisha, akatupanguza mgongo kama mtoto, akarudi kwenye beleshi yake bila kusema neno.

Butiki ilikuwa wazi. Saa 9 na dakika 41. Mbele yetu watu kumi na mmoja kwenye mstari, na nyuma ya kioo msichana mmoja tu, mwenye kofia bado juu ya kichwa, naye alikuwa ametembea kwa mguu kuja kazini. Saint-Michel iko na watu wengi wa Haiti. Mama mmoja wa kwao, mkubwa wa mwili, alikuwa mbele yetu. Aliona namna tulivyoangalia saa kwenye ukuta, akauliza kwa Kifaransa ni nani mgonjwa. Hakuuliza kama kuko mgonjwa. Aliuliza ni nani. Tukamuelezea: papa, munganga, saa 17. Akahesabu kwa vidole. Kisha akageuka kwa mstari mzima, akasema kwa lugha yao maneno ambayo hatukuyasikia, na sauti ya mtu mwenye kuzoea kusikilizwa. Saa ya Haiti na ya Montréal ilikuwa moja. Wale wenye kutuma kule walikuwa na mchana mzima mbele yao. Wakasogea. Wote. Hata kijana mwenye ekutere mu masikio.

Jina la dada tuliliandika namna liko pa karte yake ya uchaguzi, na postnom, na si lile tunalomuita nyumbani; herufi moja ikikosa, kule hawakupi kitu. Msichana akahesabu dola mara mbili. Zilikuwa zimelowana. Akatupa karatasi yenye kode.

Saa 9 na dakika 56 tukapiga. Dada alikuwa tayari ndani ya ajansi kule Lubumbashi, bike mkononi, na tulisikia mlinzi nyuma yake anamuambia mama, tunafunga. Tukasoma namba. Akazirudilia moja moja. Kisha kimya, kirefu.

— Nimekamata, yaya. Niko nahesabu.

Kurudi kulitupa saa moja na nusu, kwani hatukuwa na haraka tena, na hapo ndipo tuliona mji. Yule mwanamume wa mbele alikuwa bado na beleshi, anacheka peke yake: alifukua motokari mpaka kwenye plaki, kumbe si yake. Kamio ya chumvi ikapita. Mjue kwamba chumvi ile haitoki baharini, inachimbwa. Kanada iko na shimo kubwa la chumvi kule Goderich, chini ya ziwa Huron, zaidi ya metre 500. Québec iko na lingine, mu visiwa vya Madeleine. Kuko watu wenye kuvaa kofia ya taa kama yenu ili motokari za Montréal zisiteleze. Na baridi ikizidi sana chumvi haifanyi kazi tena, wanaongeza mawe madogo.

Siku zilizofuata tukaona mengine. Usiku sirene inalia mu barabara: maana yake, ondosha motokari, ao watakuvutia. Kisha mashini inapita, inakula theluji mbele na kuirusha kwa bomba ndani ya kamio, na kamio zinafuatana kama kamio za madini. Inaomba siku mingi kumaliza mji wote.

Papa alipasuliwa siku ya posho. Yenga jioni, saa ya kwao, tulisikia sauti yake mu simu, ndogo lakini yake mwenyewe. Dada alikuwa amemuelezea theluji. Hakuuliza juu ya franga, hakuuliza kama tulianguka.

— Ile neje yote, akasema, banaitupa wapi?

Tukamupa mdogo wetu amujibu. Karibu na nyumba yake kuko shimo kubwa, kariere Francon, kwenye walichimba mawe ya chokaa zamani. Huko ndiko wanamwaga sehemu kubwa ya theluji ya mji, na inaweza kubaki mpaka wakati wa joto. Wenye kupenda mawe wanalijua shimo hilo kwa sababu nyingine: jiwe linaloitwa weloganite lilijulikana mara ya kwanza pale, mu miaka ya 1960.

Papa hakujali jiwe. Alikuwa anafikiri, tulisikia pumzi yake. Mwaka mmoja mbele, 2011, pompi ya Kipushi iliharibika na maji yakapanda mu galeri alimotumika, na bado hajasahau.

— Sasa ikiyeyuka, maji ya mule nani anavuta?

— Kuko pompi, papa.

— Ngapi?

Mdogo wetu hakujua. Papa akamuambia aende kuuliza.