Upasuaji wa Mgongo: Nani Analinda Mishipa ya Fahamu?



"Mgongo haupasuliwi. Ukipasuliwa, hutembei tena." Maneno haya husemwa mara nyingi majumbani mwetu pale ndugu anapoandikiwa rufaa ya kupasuliwa mgongo. Wapo wanaorudi nyumbani na barua ya rufaa mfukoni, wakangoja mpaka miguu ikafa ganzi kabisa. Hofu hiyo si ya kijinga, kwa maana mgongo kweli umebeba kitu chepesi kudhurika. Lakini ni vema kujua madaktari wanafanya nini ili kukilinda wakati mgonjwa amelala usingizi wa dawa na hawezi kusema, "Daktari, hapo unaniumiza."

UTI WA MGONGO UMEUMBWAJE?

Mtu huzaliwa na pingili 33 zilizopangwa kutoka shingoni hadi mkiani. Katikati yake kuna tundu, na humo hupita ugwe mgongo, yaani kamba laini ya fahamu, yenye unene kama wa kidole kidogo cha mkono. Kutoka katika kamba hiyo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu kwenda mikononi, kifuani, tumboni, miguuni, na kwenye kibofu na haja kubwa.

Ndani ya kamba hiyo kuna njia za namna mbili. Njia za nyuma hupandisha habari kwenda kwenye ubongo: mguu umeguswa, mguu umekunjwa. Njia za mbele na za pembeni hushusha amri kutoka kwenye ubongo: inua mguu, tembea. Mpasuaji hana budi kuzilinda zote.

KWA NINI MTU APASULIWE MGONGO?

Hapa Babati, barabara za Arusha, Dodoma na Singida hukutana, na ajali za magari na pikipiki tunazifahamu. Wengine huanguka kutoka mtini au juu ya mzigo wa lori. Pingili iliyovunjika huweza kuikandamiza kamba ya fahamu. Pia kuna kifua kikuu cha mgongo, ambacho kwa wengi hutibiwa kwa dawa peke yake, lakini wachache huhitaji upasuaji. Tena kuna uvimbe, na watoto ambao migongo yao hupinda kadiri wanavyokua.

Katika upasuaji, daktari huondoa kinachokandamiza, na mara nyingi hufunga skrubu na vyuma ili pingili zitulie. Skrubu hupita karibu mno na mishipa ya fahamu, na kunyoosha mgongo uliopinda huweza kuivuta kamba yenyewe.

NJIA YA KWANZA: KUMWAMSHA MGONJWA

Mwaka 1973 madaktari wa Ufaransa, Vauzelle, Stagnara na Jouvinroux, walieleza njia rahisi. Baada ya kunyoosha mgongo, daktari wa usingizi hupunguza dawa mpaka mgonjwa asikie sauti. Huambiwa kwanza, "Kunja vidole vya mikono." Akikunja, wanajua amesikia. Kisha huambiwa, "Sasa chezesha miguu." Mikono ikitii na miguu isitii, kuna hatari mgongoni, nao hulegeza vyuma mara moja. Miguu ikitii, hurudishwa usingizini.

Njia hii haihitaji mashine ya gharama, na hata leo hutumika mahali pengi. Upungufu wake ni kwamba hueleza hali ya dakika ile tu. Dhara likitokea baadaye, hakuna atakayelijua mpaka mgonjwa aamke. Tena mtoto mdogo au mtu asiyesikia vizuri si rahisi kupimwa hivyo. Ndiyo maana mgonjwa huelezwa na kufundishwa kabla ya siku ya upasuaji.

NJIA YA PILI: MASHINE INAYOSIKILIZA

Tangu miaka ya 1970 wataalamu walianza kutumia umeme mdogo kuisikiliza mishipa ya fahamu muda wote wa upasuaji. Mkulima wa mpunga wa Magugu ataelewa upesi. Maji yakipungua kwenye jaruba la mwisho, anajua kuna mahali mfereji umeziba, hata kama hapaoni. Hufuata mfereji na kuzibua kabla mpunga haujakauka.

Ndivyo ilivyo hapa. Umeme mdogo hupigwa kifundoni mwa mguu, na vishikizo vya waya vilivyowekwa kichwani huupokea ukifika. Hii hupima njia za kupandisha habari. Alama kwenye kioo cha mashine zikishuka kwa nusu, au zikichelewa kwa asilimia 10, mtaalamu humwambia mpasuaji asimame.

Lakini njia ya kupanda huweza kuwa nzima, na ile ya kushuka ikawa imeumia. Mwaka 1980 Merton na Morton wa Uingereza walionyesha kwamba ubongo huweza kuchochewa kwa umeme kupitia ngozi ya kichwa, misuli ikajibu. Kwa hiyo siku hizi hupimwa pia kutoka kichwani kwenda miguuni. Kwa kuwa mwili hushtuka kidogo, mgonjwa huwekewa kizuizi mdomoni asijiume ulimi.

Kipimo cha tatu huitazama misuli yenyewe. Mshipa ukiguswa au kuvutwa, msuli wake hutoa alama. Skrubu nayo hupigwa umeme kidogo. Ikiwa msuli utajibu kwa umeme mdogo mno, huenda skrubu imetoboa ukuta wa mfupa na kuukaribia mshipa.

Kazi hii ni ya watu wengi. Daktari wa usingizi huchagua dawa kwa uangalifu, kwa sababu dawa za kulegeza misuli na baadhi ya hewa za usingizi huzima alama hizo. Hatari ikionekana, wao huhakikisha waya hazijachomoka, hupandisha shinikizo la damu ili kamba ipate damu ya kutosha, nao hurudisha nyuma hatua ya mwisho: skrubu hutolewa au chuma hulegezwa. Mara nyingi alama hurudi.

JE, MASHINE HII NI LAZIMA?

La hasha. Si kila upasuaji unaihitaji, na si kila chumba cha upasuaji kinayo. Wala haizuii kila dhara. Inatoa onyo tu. Kitu cha kwanza ni mikono iliyofundishwa. Kutoka kwetu, wagonjwa wa mgongo aghalabu hupewa rufaa kwenda KCMC Moshi, au taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Aliyeumia mgongo asiketishwe wala kukunjwa. Msimpakie kwenye pikipiki. Mlazeni juu ya ubao, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, na watu kadhaa wambebe kwa pamoja.

2. Miguu ikilegea, ikifa ganzi, au mkojo na haja kubwa vikishindwa kujizuia, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Msingoje wiki ijayo.

3. Kabla ya kutia sahihi, mwulizeni daktari: Kitatokea nini tusipopasua? Mtalindaje mishipa ya fahamu? Je, mgonjwa ataamshwa katikati? Daktari mwema hakasiriki kuulizwa.

4. Mwelezeni daktari dawa zote anazotumia mgonjwa, pamoja na za kienyeji, na kama ana kifafa au chuma chochote mwilini.

Hofu isiyoulizwa maswali humfungia mgonjwa nyumbani. Ikiulizwa, humsaidia kuchagua kwa akili. Basi ulizeni, tena mapema.