Padri Stephen Mbunga na Suala la Lugha katika Muziki wa Kanisa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mchango wa Padri Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu na mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maisha yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa somo la wanamuziki. Hoja yetu ni kwamba yanamhusu pia mwanaisimu, kwani swali alilolishughulikia huishia katika lugha.

2.0 Hoja ya Mbunga

Mwaka 1963 Mbunga alichapisha kwa Kiingereza kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Katika misioni nyingi ngoma na mahadhi ya kienyeji yalikuwa bado yakitiliwa shaka. Mbunga hakuijibu shaka hiyo kwa kulalamika, bali kwa kuzichambua hati za Kanisa lenyewe na kuzihusisha na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha Konstitusio ya Liturujia, ambayo ibara yake ya 119 inataka muziki wa jadi katika nchi za misioni upewe heshima na nafasi katika ibada.

Miongoni mwa hati hizo ni ile ya Papa Pius X ya mwaka 1903, isemayo kuwa kazi ya muziki ni kuyaongezea nguvu maneno ya ibada. Kanuni hiyo ikikubaliwa, basi lahani haina budi kuitii lugha.

3.0 Mkazo na Toni

Katika Kiswahili, mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo ukihama, maana yaweza kubadilika: *barabára* ni njia, *barábara* ni sawasawa. Nyimbo nyingi za Kijerumani na za Kiingereza huishia kwenye pigo zito, kwa kuwa lugha hizo zina maneno mengi ya silabi moja. Matini ya Kiswahili yakilazimishwa kuingia humo, *tunakuabudu* hupata pigo zito kwenye *-du* badala ya *-bu-*. Msikilizaji huelewa, lakini sikio lake hukwaruzwa.

Katika lugha za toni tatizo huzidi. Huko lahani ikipanda pale ambapo toni hushuka, maneno yenyewe yaweza kupotoka.

4.0 Mfano wa Kabanga

Tuchukue Kabanga, wilayani Kasulu. Lugha ya nyumbani huko ni Kiha, lugha ya toni iliyo jirani sana na Kirundi. Mwalimu wa kwaya anayeazima lahani ya wimbo wa Kiswahili na kuijaza maneno ya Kiha hurudia kosa lilelile la misioni, ingawa safari hii mkopeshaji ni Mwafrika. Njia iliyo salama ni kuanza na usemi: asome matini kwa sauti, asikilize miinuko na mishuko yake, ndipo atunge.

5.0 Hitimisho

Mbunga alisaidia kuuonyesha muziki wa Kibantu kuwa na haki mbele ya sheria. Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu na watunzi kwa pamoja: kueleza toni za lugha zetu kwa namna ambayo mwalimu wa kwaya ataweza kuitumia. Bila hivyo, ngoma itakuwa imeingia kanisani, na lugha itakuwa imebaki mlangoni.