Skrini Asiyoiona Mwenyewe

Asiyeona anayetumia kompyuta mpakato yenye Windows husoma jedwali kwa kushikilia Control na Alt, kisha kubonyeza vishale. Kishale cha kulia humpeleka safu inayofuata, cha chini humteremsha mstari mmoja, na programu inayomsomea skrini humtajia kilichomo katika kila kisanduku. Amri hizo ni zilezile katika NVDA na JAWS, programu mbili zinazotumiwa sana na wasioona. Bahati mbaya, kompyuta nyingi zinazotegemea Intel kwa upande wa picha zilitoka kiwandani zikiwa na amri nyingine kwa vitufe hivyohivyo: Control, Alt na kishale cha chini huipindua skrini juu chini, na vishale vya pembeni huilaza ubavu.

Kwa anayetazama, ni kichekesho. Mhasibu asiyeona anaendelea na hesabu zake, sauti masikioni haijabadilika hata kidogo, kumbe maandishi yote yamesimama kichwa chini miguu juu. Anakuja kujua pale mwenzake wa meza ya pili anapomuuliza, "Hii mashine yako imepatwa na nini?" Control, Alt na kishale cha juu hurudisha kila kitu mahali pake, na katika mipangilio ya picha ya Intel ipo sehemu ya kuzizima amri hizo kabisa. Anayeshinda kwenye majedwali afadhali azizime siku ileile anayonunua kompyuta.

Inawezekanaje mtu asijue? Programu ya kusoma skrini haitazami kioo. Inachukua taarifa kutoka kwa Windows na kwa programu zilizofunguliwa, halafu inazigeuza kuwa sauti au kuzipeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Kioo kikipinduka, kikififia au kikiwa cheusi tii, kazi haisimami. Ndiyo maana wengi hudhani mipangilio ya skrini haimhusu asiyeona. Inamhusu, tena sana, kwa sababu kioo hicho kinawaka mbele za watu.

Chukua safari ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Abiria asiyeona ameweka visikilizi masikioni, anasoma barua ya benki au majibu ya hospitali. Jirani yake wa kiti anasoma pamoja naye, bure, bila kuombwa. Mwenye macho angemwona anavyonyoosha shingo, naye angekiinamisha kioo. Asiyeona hapati dalili yoyote.

Kinga yake ni pazia la skrini. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ililipata katika toleo la 2019.3. Mtumiaji anabonyeza kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na Control na Escape, na kioo chote kinakuwa cheusi. Akibonyeza mara moja, pazia hudumu hadi NVDA itakapowashwa upya. Mara mbili, hudumu hadi aliondoe mwenyewe. Kabla ya kulishusha, NVDA humwonya kwanza ahakikishe anaweza kuendelea bila kuona chochote. Onyo hilo linaweza kumchekesha, lakini ni la haki, maana kompyuta hiyohiyo huenda inatumiwa pia na ndugu anayeona. Katika JAWS, amri ni Insert na kitufe cha nafasi, halafu F11. Kompyuta za Mac nazo zina pazia kama hilo ndani ya VoiceOver, programu yake ya kusoma skrini.

Pazia lina gharama yake. Hati iliyopigwa picha, kama stakabadhi ya zamani iliyoskaniwa, haina maandishi ya kusomwa. NVDA inabidi iyatambue kutokana na picha iliyopo kwenye skrini, kwa kubonyeza kitufe cha NVDA na R. Pazia likiwa limeshuka, picha hiyo haipo, na utambuzi hauwezekani. Anayeshangaa kwa nini hati haisomeki aanze kwa kukagua pazia.

Wala pazia halitunzi chaji kama wengi wanavyoamini. Katika kioo cha kawaida cha LCD, taa iliyo nyuma inaendelea kuwaka hata picha ikiwa nyeusi. Kwenye OLED ni tofauti, kwa kuwa kila nukta hujiwakia yenyewe na nyeusi huzimwa. Mwenye LCD anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila kubisha hodi ashushe mwangaza wenyewe: katika Windows 11, kitufe cha Windows na A hufungua mipangilio ya haraka, Tab humfikisha kwenye mwangaza, na vishale huupunguza huku sauti ikimtajia asilimia. Akimpelekea fundi kompyuta yake, aupandishe kwanza na aondoe pazia, asije akaambiwa kioo kimekufa na kinahitaji kubadilishwa.

Kwenye projekta hesabu hugeuka: sasa anataka waone. Kitufe cha Windows na P huleta machaguo manne, na lile la kupanua skrini ndilo lenye mtego. Slaidi zinaweza kubaki kwenye kompyuta ilhali ukumbi mzima unatazama mandhari tupu ukutani. Windows, Shift na kishale cha pembeni huhamisha dirisha kwenda upande wa pili. Chaguo la kunakili, linaloonyesha ukutani kilekile kilicho kwenye kompyuta, ni rahisi zaidi, mradi barua pepe zimefungwa.

Lipo pia jambo la skrini linalogusa hata kile anachokisikia: ukubwa wa ukurasa. Tovuti nyingi za leo hujipanga kufuata upana zilioupata. Mtu wa nyumbani akiukuza ukurasa hadi asilimia 300 apate kuusoma, tovuti hujipanga kana kwamba iko kwenye simu; menyu iliyokuwa wazi hukunjwa ndani ya kitufe kimoja, na viungo alivyovizoea asiyeona havitajwi tena. Kivinjari kama Chrome hukumbuka ukubwa huo kwa tovuti ileile, kwa hiyo kesho yake tatizo lipo palepale. Control na sifuri huurudisha ukurasa kwenye asilimia 100, na menyu huanza kusomwa upya.