Kutoa ni Moyo: Miaka Miwili ya Binti Yetu kwa Shilingi 1,500



Mwezi uliopita binti yetu, kitindamimba wa nyumba, alitimiza umri wa miaka miwili. Siku hiyo tulikuwa na shilingi 1,500 za kutumia, wala hatukuwa na pa kutoa nyingine. Tunaandika makala haya kwa sababu mwaka uliotangulia tulitumia mara ishirini ya fedha hizo, nasi hatukupata robo ya furaha tuliyoipata safari hii.

Kabla ya kuendelea, tuseme jambo moja. Tunafahamu kwamba wanavyuoni wetu wana kauli tofauti kuhusu kuadhimisha siku ya kuzaliwa. Wako wanaoikataa kabisa, na wako wanaoichukulia kuwa ni ada ya kawaida maadamu haina israfu wala maasia. Sisi si watu wa kutoa fatwa, na kila mmoja amuulize sheikh anayemwamini. Tunalosimulia ni la matumizi, la majirani, na la mtoto mwenyewe.

Kukopa harusi, kulipa matanga

Binti yetu alipotimiza mwaka mmoja tulikodi hema, viti na mpiga picha. Tuliagiza keki ya ghorofa tatu iliyoandikwa jina lake. Shilingi 20,000 tulizikopa kwa simu, na 10,000 tulizichukua katika chama cha akina mama, tukijiambia kuwa mtoto hutimiza mwaka mara moja tu maishani.

Wageni walioalikwa saa nane walifika saa kumi na moja. Kufikia hapo mwenye sherehe alikuwa amekwisha choka. Alipoona umati, taa ya kamera na nyuso asizozijua, alilia hadi akalala begani mwa nyanyake. Keki ilikatwa yeye akiwa usingizini. Katika picha zote tulizolipia, hamna hata moja ambayo macho yake yako wazi.

Deni lilitushika miezi saba. Kodi ya nyumba ilichelewa mara mbili. Kakake, aliye darasa la tatu, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, akakaa siku nne akiwatazama wenzake wakipita na mikoba. Aliuliza kama ni yeye aliyekosa. Hatukuwa na jibu la kumpa, kwani ada yake tuliila katika hema la alasiri moja. Wazee walisema kukopa harusi ni kulipa matanga, nasi tuliilipa methali hiyo kila mwisho wa mwezi.

Hesabu mpya

Mwaka huu tulikaa watatu, mume, mke na nyanya wa watoto, tukakubaliana mambo mawili: hatutakopa hata senti, na hatutapokea zawadi. Shangazi wa mtoto alipopata habari alipiga simu kwa masikitiko, akauliza, "Watu watasema nini?"

Nyanya aliomba simu akamjibu kwa upole: "Mwanangu, mtoto wa miaka miwili hajui kuhesabu ghorofa za keki. Yeye anajua nani amempakata."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuongoza. Tuliialika nyumba yetu tu. Tunaishi Majengo, Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua mmoja wa pamoja. Watoto walikuwa tisa, pamoja na mama zao. Badala ya keki tuliamua kupika mkate wa sinia, maana hakuna aliyezaliwa mwambao huu asiyeupenda.

Haya ndiyo matumizi yetu, kwa bei za dukani na Marikiti siku hiyo:

Mchele kilo moja, 160. Nazi tatu, 150. Sukari kilo moja, 160. Hamira, 30. Iliki, 50. Mayai mawili, 40. Unga wa ngano kilo moja, 90. Mafuta ya kupikia, 150. Ukwaju, 80. Ndizi na machungwa, 200. Makaa, 100. Mpira mdogo wa kuchezea, 150.

Jumla ni shilingi 1,360. Zilizosalia 140 tulimpa kakake mtoto, akazitia mwenyewe katika sanduku la sadaka msikitini baada ya sala ya Adhuhuri. Alirudi akitembea kama mtu mzima.

Mkate badala ya keki

Kwa wasomaji wachanga ambao wameuzoea mkate wa sinia wa dukani, njia ya nyanya ni hii. Mchele huoshwa na kurowekwa usiku kucha, kisha husagwa laini pamoja na tui zito, iliki, hamira na sukari. Uji huo huachwa mahali penye joto hadi uumuke na kutoa mapovu. Ute wa mayai hupigwa hadi uwe mweupe, ukachanganywa taratibu. Humiminwa katika sufuria pana iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Chini huwekwa makaa machache. Upande wa chini ukishashika, mfuniko huwekwa juu na makaa ya moto hupangwa juu yake hadi uso ugeuke rangi ya dhahabu. Anayeharakisha moto wa chini hupata mkate ulioungua kitako na mbichi tumboni. Kilo moja ya mchele ilitutolea mikate miwili.

Unga tuliufanyia kaimati, na ukwaju ukawa sharubati. Kila kilichohitaji mafuta ya moto tulikipika asubuhi, majiko yakazimwa na kuondolewa kabla ya mtoto yeyote kuingia uani.

Kumjua mgeni wa heshima

Mwaka wa kwanza tulipanga sherehe ya watu wazima kisha tukamweka mtoto katikati yake. Safari hii tulianza na desturi za mtoto mwenyewe. Yeye hulala baada ya chakula cha mchana na kuamka mchangamfu wakati wa Alasiri. Basi wageni waliitwa saa kumi. Muda wa saa moja na nusu humtosha mtoto wa umri huu. Ukizidi hapo, furaha hugeuka kilio. Tulitaka pia kila mmoja awe amerudi kwake kabla ya Magharibi, kwa kufuata mafunzo ya Mtume (S.A.W.) ya kuwaingiza watoto ndani jua linapotua.

Michezo haikugharimu kitu. Tulitandika mkeka, tukaweka karai la maji yenye kina cha vidole vitatu, vikombe vya plastiki, maboksi matupu ya dukani na madebe ya kupigwa ngoma. Mama mmoja alikaa kando ya karai muda wote, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache mno. Baluni tuliziacha, kwani kipande cha baluni iliyopasuka kikiingia kooni huziba pumzi. Karanga, bisi na peremende ngumu pia hatukuziweka, kwa sababu hiyohiyo. Kaimati za wadogo zilikatwa vipande vidogo, na machungwa yakatolewa kokwa na ngozi.

Mkate ulikatwa na nyanya kwa Bismillahi. Hapakuwa na mishumaa. Sote tuliinua mikono, naye akamwombea mjukuu wake afya, elimu yenye manufaa na tabia njema. Vilevile tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema nyingine iliyoangukia siku zizo hizo: mtoto alikuwa amekamilisha kunyonya miaka yake miwili, muda uliotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233, kwa anayetaka kutimiza unyonyeshaji. Wiki hiyo ndiyo mama yake alikuwa akimwachisha ziwa, na ua uliojaa watoto ulimsahaulisha kilio cha siku tatu.

Aliyekuja mkono mtupu

Lakini sababu kubwa ya kuandika ni jirani yetu wa chumba cha mwisho. Ni mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, naye huamka kabla ya alfajiri kupika mahamri ya kuuza. Mwaka jana tulimwalika, hakuja. Alifunga mlango wake mchana kutwa, nasi tulidhani amechukizwa na zogo letu. Kwa muda mrefu salamu zetu zilikuwa za baridi.

Safari hii alifika wa kwanza, kabla hata ya mkeka kutandikwa, amemshika mwanawe mkono na kubeba sahani ya mahamri iliyofunikwa kitambaa. Tulipomwambia kwamba tulisema asiletwe mtu kitu, aliketi kwanza, kisha akasema polepole:

"Mwaka jana niliona zawadi zinapita mlangoni mwangu, kila moja kubwa kuliko mwenzake. Nami sikuwa na kitu. Mwanangu alitaka kutoka, nikamfungia. Niliona haya kumleta mkono mtupu."

Tulinyamaza. Siku ile tulikuwa tukihesabu waliofika na zawadi zao, na hatua kumi kutoka hema letu kulikuwa na mtoto aliyefungiwa ndani akisikiliza wenzake wakicheza. Hapana mtu aliyemkataza kuja. Ukubwa wa sherehe yetu ndio uliomfungia mlango. Tulimwomba radhi. Alicheka, akasema mahamri yatapoa.

Mwanawe, ambaye ana miaka mitano, ndiye aliyemfundisha binti yetu kupiga ule mpira. Kila ulipobingirika hadi kwenye karai na kurusha maji, watoto wote tisa walipiga kelele kama kwamba ni mara ya kwanza. Mpiga picha wetu alikuwa kakake mtoto, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Picha imetoka imepinda kidogo, ila macho ya binti yetu yako wazi, na anacheka.

Kwa wazazi wenzetu

Hatuandiki haya kumsuta aliyejaaliwa uwezo. Mwenye nacho ana haki ya kuwafurahisha wanawe. Tunamwandikia mzazi ambaye usiku huu anahesabu na kuona fedha hazitoshi, na simu yake inamwita kwa mkopo wa dakika moja. Tunamshauri aanze kwa kuuliza mtoto wake hupenda nini, si majirani watasema nini. Apange tarehe baada ya kodi na ada kulipwa. Mtoto wa miaka miwili hana kalenda, na Ijumaa ya wiki ifuatayo ni sawa kwake. Aseme wazi kwamba zawadi hazihitajiki, tena alirudie neno hilo kwa yule jirani anayemdhania kuwa na dhiki. Na kabla ya kukata mkate, autazame ua mzima kuona kama kuna mlango uliofungwa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tulikuwa tukiisema methali hii kwa ulimi tangu utotoni. Mwaka huu jirani yetu ametufundisha maana yake kwa sahani ya mahamri.

Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika kheri, na atuepushe na deni lisilo la lazima. Amin.